Mboga Nilizomchagulia Mama

Nilipompikia mama, nilikuwa nimeshakaa jikoni miaka kumi na mmoja. Kazi yangu iko kwenye loji moja juu ya ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, upande ambao ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Nilianza kwa kuosha sufuria, nikapanda nikawa mpishi wa mboga, na hapo nikabaki. Nyama wenzangu wanaijua kuliko mimi. Ila ukiniletea fungu la mchicha nitakwambia limechumwa leo au juzi, limemwagiliwa maji ya mfereji au ya mvua, na mle ndani nani amechomeka majani yaliyokomaa ili fungu lionekane kubwa.

Jikoni kwetu kuna ubao mweupe ukutani. Kila jioni watu wa mapokezi huandika wageni wa kesho na vitu wasivyokula. Huyu hali nyama. Huyu hali ngano. Huyu hagusi chochote kilichopita karibu na siagi. Huyu karanga zitamuua. Tunaziita dayati, na wapishi wengi wanazichukia kwa sababu zinavuruga kazi. Mimi nilizipenda. Siku ya dayati ngumu shefu mkuu mwenyewe alikuja mpaka kwenye meza yangu na kuuliza, "Huyu tumpe nini?" Sikuwa na kitu kingine cha kuulizwa na wakubwa.

Kisha akaja mgeni mmoja, mama mtu mzima, mwembamba, aliyekula kwa kufuata asidi na alkali. Alikaa siku tisa. Siku ya kwanza alisimama mlangoni pa jiko na dereva wake akawa anatutafsiria. Alisema mwili ukijaa asidi unaanza kuoza mtu angali hai. Nyama, mayai, ugali, mkate, wali mweupe na maharage makavu yaliyokaa ghalani, vyote hivyo alisema ni vya asidi. Vya alkali ni majani ya kijani, matango, parachichi, ndizi mbivu, viazi pamoja na maganda yake, maharage mabichi yanayotolewa kwenye ganda siku hiyohiyo, na choroko zilizochipua. Na maji yaliyochemshiwa mboga usiyamwage. Dawa imo humo, alisema, akachukua bakuli la maji ya spinachi akayanywa mbele yetu mpaka chini.

Siku hizo tisa nilishuka Karatu mara nne na gari la mzigo kwa ajili yake peke yake. Sikuchukua spinachi iliyozidi kiganja changu. Choroko nilizimwaga kwenye beseni la maji, zilizoelea nikazitupa, zilizozama nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka zikatoa mikia midogo myeupe. Alipoondoka alinishika mikono yote miwili, akanipa kijitabu chake. Dereva akasema, "Anasema umemrudishia uhai." Tangu siku hiyo jikoni wakaniita Daktari. Wao walikuwa wanatania. Mimi jina hilo niliingia nalo chumbani kwangu, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Nyumbani kwetu ni Ganako, si mbali na mji wa Karatu. Baba alishatangulia. Tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, na yeye ndiye aliyebaki na mama kwenye nyumba na shamba. Alikuwa ameishia kidato cha pili. Mama alilima mahindi, na katikati ya mistari ya mahindi alipanda maharage na ngwara, ile jamii ya maharage nyeusi yenye mdomo mweupe. Alikuwa na presha miaka mingi. Dawa alizimeza kichwa kikimuuma, na kichwa kikitulia akaziweka juu ya kabati. Sikumwona akifanya hivyo mara moja wala mbili, na sikumwambia kitu.

Miguu yake ilipovimba mpaka viatu vikakataa, mdogo wangu alimpeleka hospitali. Wakapima damu, wakapima mkojo, wakasema figo zimechoka sana. Kilichobaki ni mashine ya kusafisha damu, nayo iko mbali, mara mbili au tatu kila wiki, maisha yake yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho kisha akakataa. Daktari alimweleza mara ya pili, taratibu, akakataa tena. Alisema hataishi barabarani. Basi wakampa dawa, wakampa siku ya kliniki kila baada ya wiki mbili, na nesi wa lishe akakaa na mdogo wangu asubuhi nzima akimfundisha namna ya kumpikia.

Yote hayo niliyasikia kwenye simu, nimesimama nyuma ya jiko la loji ambako mtandao unashika.

"Daktari amesema nini kingine?" nilimuuliza.

"Amesema figo hazichuji. Uchafu unabaki kwenye damu. Na damu yake imekuwa na asidi nyingi."

"Amesema asidi?"

"Ndiyo, kaka. Asidi."

Sikusikia tena kitu baada ya neno hilo. Figo nilikuwa sizijui. Lakini asidi nilikuwa naijua, nilikuwa nayo kwenye kijitabu chini ya mto wangu. Niliomba likizo yangu yote ya mwaka, nikashuka nyumbani kesho yake.

Nilifika wakati wa chakula cha mchana. Mama alikuwa amekaa kitandani, uso umejaa, mikono imekonda. Mdogo wangu alikuwa anamalizia kupika. Alikuwa ameikata kabichi nyembamba kama nyuzi, ameiloweka, ameichemsha kwenye maji mengi, ameyamwaga maji nyuma ya nyumba, ameweka maji mapya na kuichemsha tena. Akapakua na wali mweupe, na ute wa yai moja bila kiini. Hakuna nyanya wala parachichi. Hakuna hata punje ya maharage, kwenye nyumba ambayo gunia la maharage lilikuwa limesimama pale pembeni ya kitanda.

Mama alitafuna kidogo akaniangalia. "Mwanangu, kabichi hii imeoshwa mpaka imesahau kwamba ni kabichi."

Nilicheka. Mdogo wangu hakucheka. Nilimfuata jikoni.

"Mboga unaimwagia nje maji yake yote," nilimwambia. "Unambakishia nini?"

"Nesi ndivyo alivyonifundisha." Alisimama wima kama mtu anayejibu swali darasani. "Alisema kwenye mboga na maharage kuna madini yanaitwa potasiamu. Sisi wazima figo zetu zinayatoa. Za mama hazitoi. Ukiloweka na kuchemsha yanatoka na maji, unamwaga. Yakijaa kwenye damu yanashika moyo."

"Na asidi je? Daktari si amesema damu ina asidi? Wali mweupe ni asidi. Yai ni asidi. Unaondoa asidi kwa asidi?"

Alifikiri. "Hiyo walimpa vidonge vyake."

"Vidonge," nikasema, nikacheka tena.

Nikamtolea kijitabu. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha jikoni, kinatosha majina ya mboga na namna ya kuzipika. Nilimwonyesha safu mbili za picha, nyekundu na kijani. Kabichi ilikuwepo upande wa kijani, lakini chini kabisa. Juu kulikuwa na spinachi, majani ya maboga, mnafu, parachichi, vitu vyote alivyokatazwa. Nilimwambia wageni wanalipa ndege kutoka kwao na bado wanakula hivi, na wanapona. Nilimwambia nesi amesoma kitabu kimoja na mimi nimepika kwa mikono yangu miaka kumi na mmoja.

Alikikodolea macho kile kijitabu muda mrefu. Kisha akavua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaitundika kwenye msumari. "Sawa, kaka. Wewe ndiye unayejua."

Kesho yake nilikwenda sokoni Karatu na kikapu. Muuza mboga wangu, mama mmoja kutoka Mbulu ambaye nimenunua kwake miaka yote, alistaajabu kuniona bila gari la loji.

"Leo unawanunulia Wazungu gani?"

"Leo namnunulia mama yangu."

"Basi chagua vizuri."

Nilichagua vizuri kuliko siku yoyote. Mnafu mchanga usiotoa maua. Majani ya maboga yenye manyoya bado, yanayokwaruza ukiyashika. Spinachi ambayo shina lake likivunjwa linalia. Kunde mbichi ndani ya maganda. Parachichi nilizibonyeza karibu na kikonyo, nikachukua zilizoitikia kidogo. Choroko nilizimimina kiganjani nikanusa kama zina vumbi la dawa ya wadudu. Ndizi mbivu, viazi vyenye ngozi safi. Yule mama aliniongezea fungu la giligilani bure, kwa ajili ya mgonjwa. Nilitembea kurudi stendi nikiwa na furaha. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linalonitesa zaidi.

Nilimpikia. Spinachi na mnafu nilizichemsha kwa maji kidogo, nikazisaga, nikachuja, nikampa yale maji ya kijani kwenye kikombe, asubuhi na jioni. Choroko zilizochipua nilimtengenezea na karoti. Viazi nilivioka na maganda yake. Siku ya tatu aliniomba ngwara. Kijitabu hakikuwa na ngwara, lakini kilisema jamii ya maharage ikiwa mbichi haina madhara, na kwa jirani zilikuwepo mbichi. Nilizipika na supu yake nzito, akala bakuli zima akapangusa na kidole.

Siku zile za mwanzo alichangamka. Sijui ilikuwa nini. Labda ni chumvi na ladha kurudi mdomoni, labda ni kuniona nyumbani. Alitoka akakaa juani. Alitusimulia jinsi baba alivyomchumbia kwa kuleta ng'ombe aliyekataa kuvuka korongo, ikabidi posa ingoje siku mbili. Jirani mmoja mwanamke alipita akamwambia, "Una bahati kuzaa mpishi." Mama akasema, "Huyu wa kiume ndiye anayenilisha. Yule mwingine alikuwa ananiosha tu." Mdogo wangu alikuwa pale pale, anasugua sufuria kwa majivu. Hakuinua kichwa.

Wiki ya pili mama alianza kulalamika miguu. Haikuwa imevimba zaidi. Alisema ni mizito, kama si yake. Akitaka kusimama alishika ukuta. Baadaye akasema midomo inamchezacheza, kama wadudu wadogo wanatembea juu yake. Nilifungua kijitabu. Kulikuwa na ukurasa ninaoujua, dereva alishanisomea, uliosema mwili ukianza kutoa sumu mtu hulegea kwanza kabla ya kupata nguvu.

Siku moja kabla ya kliniki mdogo wangu alinifuata bustanini.

"Kesho ni siku ya hospitali. Nimeshaongea na mtu wa gari."

"Tumpe wiki hii ipite," nilimwambia.

"Miguu yake mimi siipendi."

"Ni sumu inatoka. Ukimpeleka sasa watamkatisha, watamrudisha kwenye kabichi. Wiki ijayo atatembea mwenyewe, daktari atashangaa."

"Kaka, nesi alisema akilegea tu nimpeleke. Alilirudia hilo mara tatu."

"Nani mkubwa hapa?" nikasema.

Hilo ndilo nililomwambia. Alichukua simu akampigia mwenye gari, akamwambia asije.

Siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, ana ungo wa maharage mapajani, anachagua mbegu za kupanda. Nilikuwa nimempa kikombe chake muda si mrefu. Nikasikia ungo unaanguka. Maharage yalitawanyika mpaka kwenye majivu ya mekoni. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Haishiki," alisema. "Mwanangu, mikono haishiki."

Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani aliyekuwa anapeleka vitunguu mjini. Mdogo wangu alimpakata kichwa nyuma, mimi nilikaa mbele na dereva. Hospitali walimpokea haraka. Wakambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu, na daktari, dada mmoja kijana mwenye miwani, alipoitazama ile karatasi aliita watu wawili kwa sauti. Wakamchoma sindano mshipani, wakamtundikia dripu, wakachoma nyingine. Kisha akatugeukia.

"Amekuwa anakula nini?"

Nikamjibu mimi. Nilifikiri naisaidia kazi yake. Nilimtajia kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyomsomea shefu menyu: spinachi, mnafu, majani ya maboga, parachichi, ndizi, viazi na maganda, choroko, ngwara na supu yake. Nikamwambia na yale maji ya mboga, kikombe asubuhi na kikombe jioni.

Alikuwa anaandika. Alipofika kwenye maji ya mboga akaacha kuandika.

"Maji ya mboga," alisema. "Mmempa anywe."

Akamtazama mdogo wangu. Faili la mama lilikuwa mkononi mwa daktari, na ndani limeandikwa jina la aliyefundishwa kumpikia. "Si wewe uliyekaa na nesi hapa? Si ulielezwa, ukarudia mwenyewe kwa mdomo wako kwamba umeelewa?"

"Ndiyo," mdogo wangu alisema.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Damu yake imejaa kitu kilekile tulichokukataza. Moyo unashindwa kupiga. Kwa nini ulifanya hivi?"

Mdogo wangu alinyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba mabega yetu yaligusana. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Si nafasi ndogo. Daktari alingoja jibu muda mrefu, nesi mmoja alipita, akarudi, na bado alikuwa anangoja. Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, imepakwa rangi nyekundu iliyobanduka karibu na mguu wa kitanda.

Mama alifariki saa tisa alasiri ya siku hiyo. Walijaribu kumwandalia gari la kumpeleka kwenye mashine, safari hii hakuwa na nguvu ya kukataa, lakini moyo haukungoja.

Habari ya yale daktari aliyomwambia mdogo wangu ilifika nyumbani kabla yetu. Sijui nani aliibeba kutoka wodini. Siku ya mazishi wanawake wa ukoo walikuwa wanapika, na mdogo wangu akitaka kushika mwiko, shangazi yetu, dada yake baba, anaupokea kwa upole na kumwambia apumzike. Ikatokea hivyo kwenye mwiko, ikatokea kwenye kukata mboga, ikatokea kwenye kupakua. Mpaka jioni alikuwa amebaki kukaa kwenye mkeka peke yake na mikono mitupu. Watu waliokuja kunipa pole walinishika bega wakasema nilijitahidi sana, nimeacha kazi nikaja kumuuguza mama. Nilisema asante.

Mdogo wangu aliondoka baada ya kumaliza matanga. Alipata kazi kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani, kwenye kambi ya vibarua waliotoka Singida na Dodoma, mahali ambapo hakuna anayejua yeye ni mtoto wa nani. Mimi nilirudi loji. Jikoni walinikaribisha kwa pole nyingi na mtu mmoja akaniita Daktari, akijua ananiliwaza. Nikamwambia asiniite tena hivyo. Akashangaa, ila akaacha.

Yule dereva aliyekuwa na mgeni wa asidi alirudi msimu ule na wageni wengine. Nilimpa kijitabu nikamwomba anisomee chote, si picha tu. Alisoma akiwa ameegemea gari. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwenye herufi ndogo karibu na bei, akasoma kwamba mtu mwenye ugonjwa wa figo asifuate ulaji huu mpaka amwone daktari wake. Aliendelea na mstari uliofuata, hakujua amenisomea nini. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasoma tena. Kijitabu nilikitia kwenye jiko la kuni la kuchemshia maji ya kuoga, na hakikunipunguzia kitu.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mlinzi wetu, mzee wa Kimasai wa Nainokanoka, ambaye hunywa chai kwangu akimaliza zamu asubuhi. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nammiminia maziwa, nikajikuta naanza, nikaeleza mpaka pale kwenye sakafu nyekundu. Alinisikiliza bila kugusa kikombe.

"Dada yako anajua unaniambia mimi?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi unamwambia mtu asiyehusika." Akanywa chai yake yote, akanishukuru, akachukua fimbo yake.

Ilinichukua mwezi mwingine. Nilikwenda Ganako, nikawakuta baba mdogo na shangazi, nikawaomba wakae. Nikawaambia kwamba mdogo wangu alipika kama alivyofundishwa, kwamba mimi ndiye niliyemtoa jikoni, mboga zote nilizichagua mimi, kliniki niliizuia mimi, na mbele ya daktari nilinyamaza. Nilitegemea baba mdogo atanifukuza. Alikohoa, akavua kofia, akaivaa.

"Ulikuwa unampenda mama yako," alisema.

Shangazi alikuwa analia. "Ulitaka apone, mwanangu. Mungu anaona moyo. Usijitese."

Ikaisha hapo. Dakika chache tu. Walichinja kuku, wakanilazimisha kula. Nikala nikiwatazama, nikakumbuka mkeka, na mwiko unaopokelewa kwa upole. Kosa lilelile lilipokuwa la mtoto wa kike asiye na kazi lilikuwa kuua. Lilipokuja kuwa langu likawa mapenzi. Niliwaambia hivyo, kwa sauti ambayo sijawahi kuwapandishia wakubwa. Baba mdogo akasema tutamwita binti tuzungumze naye. Mpaka leo hawajamwita.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta kambini nyuma ya nyumba za bati, anafua. Alikuwa amekonda, na mikono imepasuka kwa kuchuma kahawa. Alinisalimia vizuri, akanisogezea debe lililogeuzwa nikae, akaendelea kufua. Nikamwambia nimewaeleza wote.

"Wamesema nini?"

"Wamesema nilikuwa nampenda."

Alitikisa kichwa taratibu, akakamua shati.

"Kwa nini hukumwambia daktari?" nilimuuliza. "Ungesema tu ni kaka."

"Nilikuwa nakusubiri wewe." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nasikia unavyopumua. Nikasema, sasa anasema. Sasa anasema. Halafu nikaona hutasema, na mimi nikachoka."

"Nisamehe."

"Nimesikia, kaka."

Nilingoja kuona kama kuna neno lingine. Alikuwa anasuuza.

"Na tena mimi si kwamba sina kosa," alisema baadaye, akiwa amenipa mgongo, anaanika. "Nilijua. Maneno ya nesi nilikuwa nayo kichwani yote. Wewe ulikuwa hujui, mimi nilijua, nikatundika kanga yangu kwenye msumari nikakaa pembeni, kwa sababu uliniudhi na mama aliniudhi. Nilitaka muone wenyewe. Hilo sijamwambia mtu."

Nilisimama nikamsaidia kuanika zilizobaki. Alinipikia ugali na dagaa, tukala kutoka sahani moja kama zamani, na tulipomaliza akaniambia magari ya kurudi Karatu yanakuwa machache mchana ukienda, afadhali nitoke mapema. Alinisindikiza mpaka kwenye kona ya shamba la kahawa, si mpaka barabarani.

Msimu wa kupanda ulipofika nilimtumia ujumbe kwamba nitakuwa Ganako Jumamosi. Hakujibu, lakini alikuja, amebeba jembe lake mwenyewe. Tulipanda mahindi na maharage sehemu ya juu ya shamba, yeye anachimba, mimi natia mbegu na kufukia. Tuliongea habari ya mvua, na habari ya uzio ulioanguka upande wa jirani. Saa nane alisema ana zamu kesho yake asubuhi. Akaosha miguu kwenye ndoo, akavaa viatu, akaondoka, nami nikamalizia mistari mitatu iliyokuwa imebaki.